Hewa Inaingilia Wapi

Kaka yangu mpendwa, mwana wa mama yangu,

Pokea salamu zangu kwanza, lawama zitafuata. Ni matumaini yangu kwamba mkono utakaofungua bahasha hii ni mzima, kwamba wifi yangu hajambo, na kwamba lile goti lililokuwa likikusumbua kwenye ngazi za kiwandani limepoa. Sisi huku tunasukuma siku. Mimi sijambo, ila mikono imekauka kwa sabuni na mvuke wa duka la dobi, na tajiri wangu bado anaamini pasi inajisukuma yenyewe. Baba anakula vizuri, anatembea vizuri, na kubishana ndiyo usiseme. Habari zake nyingine ndizo zilizonikalisha mezani leo. Nitafika huko, usinikimbize. Wewe mwenyewe ulinibandika jina la Chiriku nikiwa sijaota hata meno ya mbele, basi vumilia.

Dereva wa lori aliyekukabidhi barua hii amekukabidhi pia chupa mbili zilizofungwa kwenye taulo. Naomba uziweke kwenye friji zikiwa zimesimama, usizilaze, na usizifungue mpaka nitakapokuambia humu ndani. Najua subira wewe na yeye hamsalimiani, lakini hili ni agizo la Baba, si langu.

Barua yako ya mwisho nimeisoma mpaka mikunjo imeanza kuchanika. Nimeelewa mambo mawili. La kwanza ni kwamba ile bia tuliyokutumia ilikushinda. Ulisema rangi yake imekuwa kama chai iliyolala, na inanuka katoni iliyonyeshewa, na kwamba hiyo ni kazi ya hewa, kwa hiyo nikutafutie hewa inaingilia wapi. La pili uliliandika pembeni kama vile ni dogo: barua ya kuacha kazi umeshaiandika, iko kwenye droo, unangoja jibu langu tu kabla mwaka haujaisha. Nikikuambia bia imenyooka, unaikabidhi barua, unafunga mizigo na wifi, mnarudi nyumbani, na kile chumba cha nyuma tunakigeuza kiwanda chetu kidogo. Ukasema mambo ya vyuma tukuachie wewe, na kwamba mtaji wetu mkubwa ni pua ya Baba, maana pua iliyopitisha bia ya kiwanda kizima mpaka siku ya kustaafu haiuzwi dukani.

Sasa Kaka, droo ya namna hiyo haifunguliwi kwa kubahatisha. Nimechunguza, tena kwa makini, na nitakueleza nilivyokwenda. Usiniulize kwa nini sikupiga simu. Kuta za nyumba hii unazijua. Ukipiga chafya sebuleni, mtu wa jikoni anakupa pole. Na mengine ya humu yanahitaji mtu akae nayo peke yake.

Nianze na sheria za Baba, usije ukadhani tunafanya kazi kienyeji. Mipiko yetu ni midogo, ndoo moja ya lita kumi, na Baba aliniambia tangu mwanzo kwamba bia ndogo ina deko. Kiwandani, alisema, kikombe kimoja cha hewa kikiingia kwenye tangi refu kuliko nyumba, kinapotelea humo na hakuna mnywaji atakayejua. Kikombe hicho hicho kikiingia kwenye ndoo yetu, kila glasi itapata sehemu yake. Kabla ya hamira kutiwa, hewa ni mgeni na tunamkaribisha. Tunatikisa yale maji matamu ya kimea mpaka mabega yanalalamika, ili hamira ipate nguvu ya kuanza. Hamira ikishaanza kazi, hewa ni mwizi. Ndoo inafungwa, na gesi inayotoka kwenye bia yenyewe ndiyo inayolinda bia.

Hayo ananifundisha kila siku ambayo duka la dobi limefungwa, na tangu msimu wa baridi, baada ya yale mafua mabaya yaliyomlaza kitandani, amebadilisha ufundishaji wake. Zamani alikuwa ananusa glasi, anafumba macho, anatoa hukumu, na mimi kazi yangu ilikuwa kuitikia. Siku hizi glasi inaanzia kwangu. Ananiuliza nasikia nini. Nikisema nasikia ndizi mbivu, anauliza ni kali au ni kwa mbali. Nikisema kuna kitu kama yai la kuchemsha, anauliza kama linabaki au linapita. Nikijibu haraka ananirudisha ninuse tena. Kwa kweli nilivimba kichwa. Niliona sasa mzee ameniamini, ananiandaa, na nikaanza kunusa hata mashati ya wateja kwa ujuzi mpya. Kuna mteja mmoja mwalimu, najua kabla sijasoma kikaratasi cha jina kwamba koti lile ni lake, maana linanuka chaki na pipi za kifua.

Haya, uchunguzi. Mshukiwa wa kwanza alikuwa koki. Ile koki ya chini ya ndoo aliifunga jirani yetu, Fundi Bomba, ambaye anaonja kila tunachotengeneza na hajawahi kukuta kibaya. Huyo hata ukimpa maji ya kusuuzia chupa atakuambia safari hii mmepatia. Kama muonjaji hatufai, lakini mabomba anayajua. Nilimwambia kwa upole kwamba huenda koki yake inavuta hewa. Alinuna kama nimemtukania mkwe. Akaja na sifongo na sabuni, siku ambayo bia ilikuwa inachachuka na gesi inasukuma kwa ndani, akapaka kiungo chote povu, akanikalisha chini nitazame. Hakuna tone la povu lililotikisika. Akasema kama gesi haitoki, hewa haiingii, na kwamba anadai kuombwa radhi. Radhi yenyewe ilikuwa glasi mbili.

Nikahamia kwenye mpira wa kuhamishia bia. Baba hamimini bia kutoka juu hata siku moja, anasema kumimina kwa mbwembwe ni kazi ya wauza baa. Mpira wake unafika mpaka kitakoni mwa chupa, na bia inapanda kimya kimya kutoka chini. Nikaukagua kwenye mwanga wa dirisha nikakuta ufa mwembamba karibu na ncha, na kila bia ikipita palikuwa na vipovu vidogo vinafuatana nayo. Nilipiga kelele mpaka Baba akaja mbio. Tukakata ile ncha, nikajisifu siku nzima, na mpiko uliofuata ukatoka na katoni yake vile vile.

Shingo za chupa nazo nikazipima. Baba anaacha nafasi ndogo tu juu, anaweka kizibo bila kukibana, anangoja povu lipande liisukume hewa nje, ndipo anabana kizibo juu ya povu. Safi kabisa. Ikabaki friji. Ndoo ikipoa, bia inajikunja na inavuta pumzi, na kama imezungukwa na hewa itavuta hewa. Baba ana dawa yake: bia ikiwa inachachuka anafunga puto kwenye kifuniko, puto linajaa gesi ya bia yenyewe, na ndoo ikiingia baridini inarudishiwa ile ile. Mafriji ya watu yana maziwa na nyanya, letu lina ndoo iliyovaa puto jekundu. Fundi Bomba aliuliza ni nani anatimiza mwaka.

Hilo puto ndilo lililoniamsha. Ndoo ikiwa bado haijaingia kwenye friji, nilikuwa naliacha jioni limejaa, limenona, asubuhi nalikuta limenywea kama shavu la kikongwe. Nilimwuliza Baba. Akasema maputo ya siku hizi hayana ubora, akamlaumu muuza duka, akasema zamani puto lilikuwa puto. Nikanunua mengine kwa muuzaji mwingine. Nayo yakanywea.

Kabla sijaendelea nikuambie jambo jingine la siku hizo hizo, ambalo wakati ule lilinifurahisha. Unaikumbuka ile sweta ya Mama, ya kijivu, iliyobaki kwenye msumari nyuma ya mlango wa chumbani? Tangu Mama atutoke Baba alikataa katakata isiguswe. Mimi ni dobi, nimefua mashuka ya nusu ya mtaa huu, lakini sweta ile nilikuwa naipita kwa heshima. Basi asubuhi moja nikitoka kwenda kazini akanikabidhi mwenyewe, imekunjwa, akasema niifue tu. Nilishukuru moyoni nikasema hatimaye mzee ameanza kupoa, msiba umemshuka begani. Nikaenda nayo dukani.

Sasa turudi kwenye puto. Siku moja mashine ya mvuke ya dukani ilikufa asubuhi, tajiri akatufukuza turudi majumbani mpaka fundi aje. Nikaingia kwa mlango wa nyuma bila kelele, na nilichokikuta, Kaka, nisingekiona kwa macho yangu, ningembishia anayenihadithia. Baba alikuwa amepiga magoti mbele ya ndoo, kifuniko kiko sakafuni, puto limelala pembeni, na kichwa chake chote kimo ndani ya ndoo. Kikulacho ki nguoni mwako! Mimi nahangaika na koki za watu, mwizi ninaye sebuleni. Alishtuka akagonga sikio kwenye ukingo. Nikamwuliza kama si yeye aliyenifundisha kwamba kufungua kifuniko ni kumfungulia mwizi mlango. Akanijibu kwa ukali kwamba yeye amefungua matangi kabla mimi sijazaliwa, na kwamba muonjaji ana haki ya kujua bia yake imefika wapi.

Nilikasirika, sikufichi. Nilikuwa nimemnunisha Fundi Bomba bure. Nikabandika kifunikoni vile vikaratasi vya gundi tunavyobandikia nguo za wateja, kimoja kila upande, nikamwambia Baba nimekifunga. Alicheka akasema sasa amekuwa shati. Akaahidi hatafungua. Kesho yake asubuhi vikaratasi vilikuwa vimebanduliwa na kurudishwa, kimoja kichwa chini. Tukanuniana siku kadhaa, tukawa tunaongea kupitia kwa Fundi Bomba. Nilisema moyoni kwamba huu ni ukaidi wa uzee tu, na nikaanza kukuandikia hivyo.

Lakini baadaye Baba aliacha. Sababu ya kuacha naja nayo. Kwanza ujue kwamba mpiko wa mwisho ulikwenda kwa sheria zote mwanzo hadi mwisho, kifuniko hakikuguswa tangu hamira ilipoingia mpaka siku ya kujaza chupa, na puto lilinona mpaka ndoo ilipoingia baridini. Hapa sasa, Kaka, weka barua chini. Toa chupa moja. Mimina taratibu ukiinamisha glasi, mashapo yabaki chini, na usimwite mtu. Kunywa, halafu urudi kwangu.

Umerudi? Basi kama chupa hiyo ni ndugu wa niliyofungua mimi, hakuna katoni humo. Ni bia iliyonyooka, na mkono wako saa hii unaelekea kwenye droo. Uache hapo hapo ulipo. Nisikilize.

Siku moja ya mapumziko tulikuwa tumepanga kupika. Nilikuwa uani nasugua sufuria kubwa, Baba yuko chumba cha nyuma anaandaa jiko. Nikaibeba sufuria, nikasukuma mlango kwa goti, na gesi ikanipiga usoni. Gesi, Kaka, si harufu ya kubahatisha, ilinichoma macho. Mpira ulikuwa umechomoka kwenye mtungi. Na Baba alikuwa amesimama katikati ya chumba hicho, miwani puani, kiberiti mkono mmoja na njiti mkono wa pili, anajiandaa kuiwasha. Nilidondosha sufuria, nikapiga yowe lisilo na maneno. Akanigeukia kwa utulivu kabisa akaniuliza kuna nini.

Kuna nini! Nilimpokonya njiti, nikamvuta kwa mkono wa shati mpaka nje, nikarudi nimebana pumzi nikaziba mtungi, nikafungua madirisha. Nilipotoka nilimkuta ameketi kwenye kizingiti cha uani. Alikuwa ameshaelewa. Hakujitetea, hakupandisha sauti, na hilo ndilo lililonitisha kuliko gesi yenyewe. Nikaketi kando yake.

Baba hasikii harufu. Nimeshalisema. Hasikii kitu chochote, Kaka, wala kahawa, wala sabuni, wala moshi. Yale mafua ya msimu wa baridi yalipoondoka yaliondoka na pua yake. Mwanzoni alidhani ni ya wiki moja. Kisha akajipa mwezi. Ulimi anao bado, uchungu na utamu na mchomo wa gesi anavipata, lakini vyote vinakuja vitupu. Aliniambia chakula sasa ni moto au baridi, laini au kigumu, basi.

Nikamwuliza kuhusu kifuniko. Akasema harufu ya bia inayochachuka ndiyo harufu yenye nguvu kuliko zote alizowahi kuzijua. Kiwandani ilikuwa inamfikia getini hata akiwa na mafua. Akajiambia kwamba pua ikirudi, itaanzia hapo. Kwa hiyo kila asubuhi alikuwa anafungua ndoo kuangalia kama imerudi. Hewa alijua inaingia. Bia alijua anaiharibu kwa mkono wake, maana nani anajua kuliko yeye? Alisema kila asubuhi alijiambia ni leo tu, kesho ataacha. Halafu anafunga, anarudisha vikaratasi vyangu, anakwenda kunawa uso.

Ndipo mengine yote yakanikalia sawa. Ule ualimu wake wa kuniuliza nasikia nini! Mimi nilidhani ananipima, kumbe alikuwa anaazima pua yangu. Nilitaka kucheka na kulia kwa pamoja, na nadhani nilifanya yote mawili. Nikamsomea ile methali kwamba mficha maradhi kifo humuumbua, akasema kwake kifo kilitaka kumuumbua kwa njiti moja ya kiberiti, na tukaachia hapo.

Nimempeleka kwa daktari wa masikio, pua na koo. Amemtazama kwa taa yake, amesema inaweza kurudi, inaweza isirudi, hakuna wa kuahidi. Amempa mazoezi: kila siku anuse vitu vichache anavyovikumbuka vizuri, polepole, akiwa anavifikiria. Tumemwekea ganda la limau, kahawa na karafuu kwenye vikopo. Anafanya bila kukosa na bila kulalamika. Jiko siku hizi nawasha mimi, na mtungi tumeuhamishia nje.

Mpiko uliofuata, huo uliouonja, tuliufanya wote wawili. Mikono yake, pua yangu. Kila asubuhi alivuta kiti akaketi mbele ya ndoo, mikono magotini, akitazama puto. Hakugusa kifuniko. Mimi nikienda kazini namwacha hapo, maana kazi yote ya Baba katika mpiko ule ilikuwa kujizuia. Siku tulipofungua chupa ya kwanza akaniambia nisinywe haraka, nimweleze. Nikamwambia nasikia ganda la mkate uliotoka sasa hivi. Akafumba macho akasema niendelee. Nikasema kuna kama ganda la chungwa, kwa mbali, na majani yaliyokatwa punde. Akauliza kama kuna karatasi. Nikasema hakuna karatasi, Baba, hata kidogo. Akanywa. Akasema uchungu umekaa sawa, na kwamba anaamini.

Halafu akaniuliza, bila kunitazama, kama ile sweta nimeifua.

Sikuifua. Siku ile nilipofika nayo dukani niliifungua kwenye meza ya kupigia pasi, nikaiweka usoni mara moja tu, nikashindwa. Mashine ilikuwa imeshajaa maji, lakini mkono ulikataa. Nikaikunja vizuri, nikaiingiza kwenye ile mifuko mizito ya nailoni tunayowekea makoti ya wateja, nikakandamiza hewa yote ikatoka, nikaifunga kwa joto la pasi. Nikaiweka juu ya rafu, nikasema akiuliza nitamwambia inakauka. Sasa nikamletea mfuko wenyewe. Akaugeuza mikononi. Akasema aliitoa kwa sababu alikuwa anaishika kila asubuhi kabla ya kwenda kwenye ndoo, na ilikuwa kama kushika sweta ya dukani, ya mtu asiyemjua, na hakuweza tena. Nikakata kona ya mfuko kidogo tu, nikanusa, nikamweleza. Mafuta ya mikono ya Mama. Vitunguu. Ile poda yake. Nilimweleza mpaka nikaishiwa maneno, kisha nikafunga tena ile kona kabla hewa haijaingia nyingi. Hakulia. Alinishika kichwa kama nilipokuwa mdogo, akaenda kulala mchana.

Hayo ndiyo niliyoyapata. Hewa ilikuwa inaingilia kwa Baba. Imezibwa. Bia imenyooka, na itaendelea kunyooka, lakini ile pua uliyoiita mtaji haipo, na sitakuacha ukabidhi barua yako ukidhani ipo. Kilichopo ni mzee anayejua kila kitu kuhusu bia isipokuwa inanukaje, na dobi mmoja anayejifunza kuitaja, naye anakosea bado. Juzi nimeita karafuu kile ambacho Baba anasema kwa maelezo yangu ni pilipili manga.

Limebaki moja. Nilimwuliza kwa nini hakutuambia, hasa wewe, ambaye unataka kuacha kazi kwa ajili yake. Akasema barua yako ya kwanza ya mpango huu ilifika wiki ile ile aliyoanza kuogopa kwamba pua hairudi. Akasema tangu uondoke umekuja kumzika Mama tu, ukarudi kwa basi la kesho yake, na kwamba hakulaumu, kazi ni kazi. Lakini sasa mwanawe alikuwa ameona sababu ya kurudi nyumbani, na sababu yenyewe iko kwenye pua yake. Akaniuliza mimi, ningekuwa yeye, ningesema? Na alipokubali nikuandikie alitaka jambo moja tu, uonje kwanza, usije ukadhani na mikono nayo imekufa.

Kwa hiyo swali lako nimelijibu, nawe nijibu langu. Ulikuwa unarudia pua, Kaka, au ulikuwa unarudi nyumbani? Ukinijibu kwamba ni pua, sitakununia. Chana ile barua ya kwenye droo, endelea na kazi, tutakutumia chupa. Ila jibu lolote, mwandikie yeye, usiniandikie mimi. Mimi nimechoka kuwa posta ya nyumba hii.

Wifi msalimie mno, mwambie lile gauni lake la bluu doa limetoka, na nimelihifadhi akija atalikuta. Fundi Bomba anakusalimu. Bia ya mwisho ameionja, amesema safari hii mmepatia, maneno yale yale aliyoisifia ile yenye harufu ya katoni. Na Baba anakusalimu. Yuko hapa mlangoni, anajifanya anatafuta miwani ambayo ameivaa. Anasema ile chupa ya pili usinywe kwa kiu. Ngoja jioni ukiwa umetulia, imimine, inamisha kichwa, halafu chukua kalamu umwandikie unasikia nini.

Ni mimi mdogo wako asiyejua kufupisha,

Chiriku